Miji Aliyoitoa Mzee Ntandu

Alhamisi mchana, jua likiwa limesimama juu ya Singida bila hata kipande cha wingu cha kulisitiri, Mzee Ntandu anapanda ndani ya mashua yake ambayo haijapata kuona maji, analala chali. Halali kwa kuwa amechoka, ataapa hivyo ukimwuliza. Amelala ili aone kama mbao za ubavuni zimepanda sawasawa huku na huku, maana jicho la mtu aliyelala, anasema, halidanganywi na kiburi cha mtu aliyesimama. Haya, tumwache aseme. Mzee huyu amekuwa stesheni masta miaka thelathini na sita, kazi yake kusimama na bendera ya kijani akiwaruhusu wenzake waende huku yeye akibaki, na siku aliyostaafu aliapa kutengeneza chombo kimoja tu ambacho hakitangoja bendera ya mtu. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Mashua, Singida? Wakasema kiinua mgongo cha mzee kimempanda kichwani. Lakini ziwa la Singidani si lipo pale, lina maji na lina upepo, na mashua haina ulimi wa kujua kama maji yake ni ya chumvi au ya mvua. Basi miezi kumi na minne amekuwa akipiga randa uani, kati ya jiko na kamba ya nguo, na chombo kimesimama, kifupi, kipana kiunoni, cha mninga mtupu. Umebaki ufa mmoja tu chini, ambao hajauziba kwa pamba na lami, kwa sababu Tunu amemkataza. Tunu ni mwanawe, anafanya kazi Mbeya, atakuja Jumamosi. Baba, alimwambia kwenye simu, usiingie majini kabla sijafika. Niachie ufa mmoja niuzibe kwa mkono wangu, nijue hujanitoroka. Naye ameuacha, maana kwa Tunu mzee huyu hana ubishi. Walimngoja miaka tisa, yeye na mkewe, wakapewa kila dawa na kila ushauri, hata wakachoka kushauriwa, ndipo akazaliwa Uvinza, katika nyumba za reli, asubuhi ya mvua kubwa. Hawakupata mwingine. Watu wengine wana ng'ombe, wana mashamba, wana nyumba za kupangisha. Mzee Ntandu ana Tunu, na hajawahi kuona kwamba amepungukiwa.

Baba Tunu, mkewe anaita kutoka jikoni, chai yako utanywea humo humo kwenye jeneza? Mwenye jeneza hana kiu, Mama Tunu, anajibu, lakini ilete. Anamsikia mkewe akicheka, anasikia kijiko kikizunguka kikombeni, kinazunguka, kinazunguka, kisha hakisikiki tena, na mashua inaondoka. Haiyumbi, haitoi sauti, inaondoka kama treni inavyoondoka pale ambapo abiria anadhani ni stesheni inayorudi nyuma. Jiko linarudi nyuma. Kamba ya nguo inarudi nyuma. Lango lenyewe, ambalo majirani walimtania kuwa chombo hakitapita pale labda akikunje, linafunguka pana na linaendelea kufunguka, na Mzee Ntandu anapoinuka kukaa anakuta hakuna uwanja wala ukuta wala Singida, kuna barabara, na barabara yenyewe ni ya maji, imenyooka mbele haina mwisho, imenyooka nyuma haina mwanzo, na tanga ambalo hajalishona limeshapandishwa juu ya mlingoti ambao hajauchonga. Nyuma, penye usukani, ameketi mtu. Amevaa koti la reli, vifungo vya shaba vimesuguliwa vikang'aa, kofia imekaa sawasawa, ila chini ya kofia, mahali pa uso, pana ngozi tupu laini kama kisogo cha mtu aliyetoka kunyolewa, hata Mzee Ntandu kwa muda anadhani bwana huyu amempa mgongo tu, anangoja ageuke. Hageuki, kwa kuwa ameshageuka.

Shikamoo haiendi hapa wala habari yako haiendi, lakini mzee ni mtu wa adabu, anasema, Salama, bwana? Tunakwenda wapi? Yule asiye na uso anasema, Tunakwenda ulikotoka. Tutafika saa ngapi? Tutafika tukiacha kufika. Majibu ya namna hii yanamkera Mzee Ntandu, yeye aliyeishi kwa ratiba, na yuko tayari kumfokea kama alivyokuwa akiwafokea makarani wazembe, ila yule bwana anamwahi, anasema, Kitendawili. Na Mzee Ntandu, na miaka yake sitini na minne, na mvi zake, anajibu, Tega. Hapo ndipo alipokosea, na asitafute wa kumlaumu. Kila mtoto wa kwao anajua kitendawili hakitegwi mchana. Bibi yake alimwambia mara mia kwamba atakayetega mchana atapotea njia ya kurudi nyumbani, na hapa ni mchana wa saa nane, tena anayetega hana hata uso wa kusomwa. Lakini neno hilo limekaa mdomoni tangu utotoni, ukisikia moja unatoa la pili kabla akili haijaulizwa, kama mtu akipiga hodi nawe ukasema karibu kabla hujajua ni nani. Ameshakaribisha. Chini ya miguu yake, kwenye ule ufa, maji yanaanza kuingia, si mengi, yanaingia tu.

Yule bwana anasema, Nilipokuwa na mguu nilisimama, nilipokatwa mguu nikatembea. Mzee Ntandu anafikiri. Anafikiri mgonjwa, anafikiri meza, na mwisho fikra zake zinakwenda zilikozoea kwenda, anasema, Reli. Si reli, anasema yule bwana. Jogoo? Si jogoo. Basi nimeshindwa. Nipe mji, anasema yule bwana. Mzee anacheka, karibu apende mchezo huu, anakumbuka walivyokuwa wakigawa miji wakiwa watoto wamekaa kwenye majivu ya moto, mtu hana hata kiatu lakini anatoa Dar es Salaam nzima na meli zake. Nakupa Saranda, anasema. Yule bwana anaweka mkono kifuani kama mtu anayepokea zawadi, anasema, Nilikwenda Saranda, nikapokewa, nikakaribishwa, nikala, nikanywa, nikashiba. Jibu ni mti, mti ulisimama kwa mguu wake mmoja, ulipokatwa ukawa mashua ukatembea, nawe umeukalia. Mzee anajipiga paja kwa hasira, kweli, ameukalia! Na hapo, ukingoni, Saranda inatokea, stesheni yenyewe na mnara wake wa tangi la maji, na chini yake majini kuna Saranda nyingine iliyogeuzwa, watu wa juu wanatembea, watu wa chini wanatembea, nyayo kwa nyayo, na mashua inapopita katikati mji wa juu unashuka juu ya mji wa chini, unafunga kama kitabu, na maji yanabaki shwari bila hata alama. Mzee anageuka kutazama. Pale ndipo alipoanzia kazi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, akafundishwa kupokea treni na mzee mmoja mwenye mguu mbovu, aliyeitwa, aliyekuwa akiitwa nani? Anatafuta. Anatafuta jina, anakuta hata mguu mbovu umeondoka, hata chumba alicholala kimeondoka, anajua aliwahi kuanza kazi mahali fulani, basi, na fikra yake inarudi pale kila mara kama ulimi unaorudi penye pengo la jino.

Nirudishie mji wangu, anasema, na sauti yake si ya mchezo tena. Nimeshakula huko, anasema yule bwana, tena nimeshiba. Mzee anauliza mchezo huu unakwisha vipi, na kwa mara ya kwanza anapewa jibu lililonyooka, Jibu kitendawili kimoja tu, nitakushusha kwenu. Usipojibu, utanilipa mji, mpaka uishiwe. Maji yamefika vifundoni. Mzee anahesabu miji yake, na hesabu haimchukui muda, maana Saranda imekwenda na imebaki mitatu tu, Itigi, Uvinza na Singida. Barabara ya maji inapinda sasa, inajizungusha, inapita tena pale pale palipokuwa na Saranda, hapana kitu, inapita tena, hapana kitu, na kila inapopita palipo patupu moyo wa mzee unashtuka upya. Kitendawili, anasema yule bwana. Mzee anauma midomo asijibu, anakaza meno, anajiambia kimya, kimya, Ntandu, lakini neno linapenya lenyewe, Tega. Ndugu wawili wamelala sambamba tangu kuzaliwa, mizigo ya nchi nzima inapita migongoni mwao, na hawajawahi kugusana. Jamani! Mtoto yeyote wa nyumba za reli angejibu hicho akiwa usingizini. Mzee Ntandu anacho, kiko mdomoni, lakini alishasema reli mara moja ikakataliwa, na mtu aliyefukuzwa mlangoni haoni sababu ya kugonga mlango ule ule. Anadhani ni mtego, anadhani yule bwana anataka kumcheka. Anatazama kulia, anatazama kushoto, anasema, Kingo za mto. Si kingo za mto, anasema yule bwana, nipe mji.

Nakupa Ulaya, anasema Mzee Ntandu haraka haraka. Ulaya si yako. Nakupa Nairobi. Hujawahi kuamka Nairobi, mzee, nipe mji uliolala ukaamka. Maji yamefika magotini, mazito, ya chumvi, na mzee anajaribu kuyakumba kwa kofia yake, anakumba mara moja yanaingia mara mbili. Anafikiri Itigi. Ni Itigi alikokutana na mkewe, siku treni ilipochelewa saa sita na binti mmoja mwenye kapu la kuku akaingia ofisini kwake bila hodi kumgombeza kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiisukuma treni kwa mikono. Hiyo ni habari ya zamani, anajiambia, imeshakwisha kutendeka, na mwanamke mwenyewe yuko nyumbani ananikorogea chai. Nakupa Itigi, anasema, na anaona aibu akisema. Nilikwenda Itigi, anasema yule bwana, nikapokewa, nikakaribishwa, nikala, nikanywa, nikashiba. Jibu ni reli. Itigi inatokea, miji miwili, wa juu na wa chini, na kwenye jukwaa amesimama binti mkono kiunoni, kidole kimenyooshwa kwenye pua ya kijana mwenye kofia nyeupe, na hata kuku wanapiga kelele, na mzee anataka kucheka na anataka kulia, kisha mji unafunga. Anajua ana mke. Anajua anapenda kumsikia akicheka. Hajui alimpata wapi wala kwa njia gani, na hofu inayomshika hapo haijapata kumshika maishani mwake, hata usiku ule treni mbili zilipopewa njia moja.

Niambie kitu kimoja, anasema, na sasa anamwita yule asiye na uso baba, kama omba omba. Baba, ukichukua Uvinza, mtoto aliyezaliwa kule atakuwaje? Yule bwana anasema, Chemchemi ikikauka, utawauliza samaki wa chini? Na ukichukua Singida? Nyumba ikihama, aliyelala ndani ataamkia wapi? Mzee Ntandu ameelewa, na angependa asingeelewa. Akitoa Uvinza, hakuna Tunu, hakuzaliwa, hakuwahi kuwapo. Akitoa Singida, hana pa kuamkia, ataizunguka barabara hii na bwana huyu mpaka mwisho wa dunia. Basi lazima ajibu. Hakuna njia nyingine, lazima ajibu, na anafuta maji usoni, anakaa wima, anasema mwenyewe bila kungoja, Tega! Na barabara inanyooka, na mbele inatokea Uvinza, nyumba za reli zilizopigwa chokaa, milima nyuma, magunia ya chumvi yamepangwa jukwaani, na juu ya gunia moja ameketi mtoto wa miaka sita, anapiga piga miguu, gauni la njano, nywele zimesukwa mabutu. Na chini yake, majini, kichwa chini, ameketi mwanamke mzima mwenye begi la safari mapajani, begi la mtu anayesafiri Jumamosi.

Nilimpa jina, anasema yule bwana, naye siku hiyo hiyo akanipa jina, na jina langu la zamani likalala. Moyo wa Mzee Ntandu unaruka. Anakijua! Hiki hakihitaji hata kufikiriwa, hiki ni chake. Mtoto, anapaaza sauti, jibu ni mtoto, nishushe! Yule bwana anaachia usukani, anainama mbele, ile ngozi tupu inakaribia mpaka mzee anaiona ikipumua. Watoto ni wengi, anasema. Huyu ni nani? Mtaje. Mzee anafungua mdomo kumtaja, na mdomo unabaki wazi. Maana bibi yake alimwambia na neno lingine, kwamba usimtaje mwanao kwa mtu ambaye huuoni uso wake, hujui analipeleka wapi jina. Akilitaja, huenda ndiyo ukombozi. Akilitaja, huenda ndiyo kumkabidhi mkononi. Nimeshajibu, anasema, umetega, nimetegua, sheria ni sheria! Mtaje, anasema yule bwana. Wewe ni mwongo. Mtaje. Maji yamefika kifuani, mashua imezama karibu yote, na kule jukwaani mtoto amewaona, ameruka kutoka kwenye gunia, anakimbia ukingoni na yule wa majini anakimbia chini yake nyayo kwa nyayo, wanaita pamoja, sauti nyembamba na sauti ya mtu mzima, Baba! Baba, si nilikwambia unisubiri! Mzee anataka kumpigia kelele akimbie, aondoke ukingoni, aende mbali na mji huu, lakini atamwitaje akimbie bila kumwita? Anapunga mikono. Mtoto anadhani anaitwa, anazidi kuja. Nipe mji, anasema yule bwana, polepole, kama mtu mwenye muda wote. Mzee Ntandu amekata shauri. Atatoa Singida. Potelea mbali, na azunguke yeye, na asiamke yeye, mradi yule pale ashuke Jumamosi na begi lake hata kama hakuna wa kumpokea. Anapenda hivyo, anapenda kwa moyo wake wote, anafungua mdomo aseme, na maji yanaingia. Nakupa, anasema, na jina la mji linatoka pamoja na maji, linagugumia, na masikio yake yamejaa, macho yake yanamwangalia mtoto, na hajasikia ametaja upi. Alikusudia mmoja. Lakini macho yalikuwa kwa mwingine, na ulimi wa mtu anayezama hufuata macho. Yule bwana anaweka mkono kifuani. Nilikwenda, anasema, na maji yanafunika neno linalofuata, nikapokewa, nikakaribishwa, nikala, nikanywa, nikashiba.

Anafumbua macho. Amelala chali ndani ya mashua, mashua iko uani, shati limemganda kifuani, limelowa, na jasho pia lina chumvi. Kitu cha kwanza kinachomjia ni furaha, kwa kuwa ile ni kamba ya nguo, lile ni lango, jembamba kama lilivyo siku zote, hii ni Singida, amerudi. Furaha haidumu. Kama Singida ipo, basi hakutoa Singida. Na kama kweli alitoa Singida, kama alivyokusudia, basi hapa ni wapi? Anaitazama kamba, nguo zinaning'inia, hana hakika kama asubuhi zilikuwa zimeanikwa hivi au kinyume chake, shati la bluu kulia au kushoto, na jua limehama, sasa liko upande wa jikoni, chini, linamchoma machoni.

Ntandu, anaitwa. Mlangoni mwa jiko amesimama mwanamke na kikombe mkononi, jua liko nyuma yake, na kwenye uso wake hapaonekani kitu ila giza. Ntandu, chai inapoa. Mzee anashika ukingo wa mashua kwa mikono miwili. Mwanamke huyu hamwiti hivyo. Ana miaka karibu thelathini hamwiti hivyo, tangu asubuhi moja ya mvua, mahali fulani, alipopewa jina lingine la kumwita. Au amemwita kwa lile jina lingine mara tatu, mzee akakoroma tu, ndipo akaona amshtue kwa la utotoni. Wake hufanya hivyo, wakichoka kuita. Inawezekana. Inawezekana kabisa, na ni jambo dogo kulijua, hahitaji hata kuuliza, amwitikie tu kama anavyomwitikia kila siku, asikie atajibiwaje. Naam, Mama, anasema, na anasimama hapo. Jina ni fupi. Ni jina alilolichagua mwenyewe, amelitamka maelfu ya mara, akiwa na njaa, akiwa na hasira, akitafuta soksi, na sasa ulimi unalitafuta huku na huku katika kinywa kilichokauka. Naam, Mama, anaanza tena.

Mama nani? anauliza yule mwanamke, na hasogei kutoka mlangoni.